Maji yanachafukia shambani, gharama ya kuyasafisha inamkuta mnywaji: nani apewe jukumu la kulinda chanzo?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalileta jamvini. Ni refu, naomba mnivumilie.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya mamlaka moja ya maji. Siku moja akaja mama, mtoto mgongoni, mkononi chupa ya maji ya kisima kilichochimbwa pembeni ya shamba. Maji meupe pe, hayana harufu, ukiyainua kwenye mwanga huoni hata chembe. Nikachovya kile kipande cha kupimia nitrati, ile chumvi ya naitrojeni inayotoka kwenye mbolea na samadi, nikasubiri dakika yake. Kiraka cheupe mwishoni mwake kikaanza kugeuka waridi, kikakolea, kikazidi kukolea mpaka kikaipita rangi ya 50 kwenye karatasi ya kulinganishia. Yule mama akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Mimi maziwa ya mtoto nayakoroga kwa maji ya kuchemsha. Nayachemsha hata mara mbili."

Ikabidi nimweleze kwamba kwa nitrati kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, nitrati inabaki sufuriani. Kila akichemsha zaidi ili amlinde mwanawe, ndivyo anavyozidi kumkolezea. Uso wake sijausahau mpaka leo.

Kwa wasiojua: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha nitrati kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Marekani wanahesabu naitrojeni iliyomo tu, kwao kikomo ni miligramu 10, ambazo ukizigeuza zinakuwa kama 44 za nitrati. Namba hizi ziliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka 1945 daktari mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, Hunter Comly, aliandika kuhusu vichanga waliogeuka rangi ya bluu baada ya kunywa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Mwilini mwa mtoto nitrati hugeuka nitriti, nitriti inaishika damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Mtoto anapumua lakini hewa haimfikii.

Sasa hoja yangu. Mamlaka nyingi za maji zimekabidhiwa maji kuanzia pale yanapoingia mtamboni au pale pampu ilipo. Juu ya hapo, kule bondeni kwenye mashamba na mazizi, ardhi iko chini ya wizara nyingine yenye malengo mengine kabisa, ya mavuno. Katikati ya hizo ofisi mbili ndipo maji yanapoharibika. Mimi nasema anayedaiwa maji salama apewe pia sauti na fedha za kushughulikia ardhi ambako maji yanatoka. Bila hivyo tutakuwa tunaongeza mitambo kila baada ya miaka kumi, na kila mwenye bomba anailipia kwenye bili yake.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kiu Kali

Mkuu asante kwa uzi. Swali la mtu asiyejua: hiyo mbolea inafikaje kisimani? Kisima cha mita 40, mbolea imewekwa juu kabisa kwenye mzizi. Katikati kuna udongo wote ule, hauchuji?

#3 Mleta mada

Swali zuri sana mkuu, na ndipo wengi wanapokosea.

Udongo unachuja vitu vingi, ila nitrati haimo kati ya hivyo. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, nitrati nayo ina chaji hasi, kwa hiyo haishikwi. Inayeyuka na kushuka na maji ya mvua popote yanapokwenda. Mmea unachukua sehemu yake, kinachobaki kinasubiri mvua. Na muda ulio mbaya zaidi ni ule ambao shamba liko tupu baada ya mavuno: mbolea iliyosalia ipo, mzizi wa kuinywa haupo, mvua inanyesha.

Fosforasi ni kinyume chake. Yenyewe inaung'ang'ania udongo, kwa hiyo inasafiri pale udongo unaposafiri. Mvua kubwa ikipiga shamba la mteremko lisilo na kizuizi, lile tope la kahawia linaloingia mtoni limebeba fosforasi, na likifika kwenye ziwa au bwawa linalisha mwani, vile vijimea vya kijani vinavyoelea majini. Samadi inabeba zaidi: bakteria na vimelea kutoka tumboni mwa mnyama. Viuatilifu kila kimoja kina tabia yake, baadhi vinashikwa na udongo, vingine vinashuka kama nitrati au vinavunjika kuwa vitu vipya ambavyo navyo vinashuka.

Halafu kuna suala la muda. Kwenye miamba ya chokaa laini kama ile ya kusini mwa Uingereza, nitrati inashuka kama mita moja tu kwa mwaka. Maji yakiwa mita 40 chini, kinachofika leo kwenye pampu kiliwekwa shambani na kizazi kilichopita. Ujerumani walipiga marufuku kiuagugu cha atrazini mwaka 1991, na miongo kadhaa baadaye bado walikuwa wanakikuta kwenye maji ya chini ya ardhi, chenyewe na mabaki yake. Ndiyo maana nasisitiza chanzo. Mto ukichafuka unaweza kujisafisha ndani ya misimu michache, lakini maji ya ardhini yakichafuka, aliyeyachafua anaweza kufa kabla hayajawa safi.

#4 Jembe Kando ya Mto

Nimesoma yote kwa utulivu na nimeumia kidogo. Mimi ndiye huyo wa juu ya bomba. Nalima kando ya mto kama baba yangu alivyolima. Miaka yote maofisa waliokuja walikuja kuniambia niongeze mbolea, nipande mpaka ukingoni, nisiache hata futi. Leo anakuja mwingine ananiita mchafuzi. Sijamwaga sumu usiku. Nimefuata nilichoambiwa. Mkiandika hizo sheria zenu mnipe na namna ya kula, maana zile mita kumi za kando ya mto ambazo maofisa sasa wanataka niziache bila kulima ndizo zenye rutuba kuliko zote.

#5 Mleta mada

Kaka, umesema kweli na nashukuru umejitokeza. Naomba nikujibu kwa mifano miwili ya mahali pengine, kwa sababu yote miwili inakutetea wewe.

Wa kwanza ni Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada, wenye watu wasiofika 5,000. Mei 2000 ilinyesha mvua kubwa. Kisima chao namba 5 kilikuwa kifupi, na jirani yake palikuwa na shamba la ng'ombe. Mvua ikaisomba samadi mpaka kwenye maji yanayolisha kisima. Watu wapatao 2,300 waliugua, saba wakafa. Bakteria alikuwa E. koli wa aina ya O157:H7, yule anayeharibu figo za watoto.

Serikali ya jimbo ikaunda tume chini ya Jaji Dennis O'Connor. Tume haikumlaumu mkulima. Ilimkuta ametandaza samadi kwa utaratibu uliokubalika. Waliokutwa na makosa ni waendeshaji wa maji: klorini ilikuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, vitabu vya vipimo viliandikwa namba ambazo hazikupimwa, na majibu ya maabara yalipotoka vibaya yakafichwa siku kadhaa huku watu wakiendelea kunywa. Serikali nayo ikakutwa imepunguza bajeti za usimamizi na kukabidhi upimaji kwa maabara binafsi bila kuzilazimisha zitoe taarifa kwa mamlaka ya afya. Kisima kile kilijulikana kuwa hatarini tangu kinachimbwa, miaka ya 1970, na hakuna aliyekiwekea eneo la ulinzi.

Kutokana na tume ile Ontario ikatunga sheria ya maji safi mwaka 2006. Kila bonde likawa na kamati ya kulinda chanzo, na wakulima wamo ndani ya kamati. Wamekaa mezani tangu mwanzo, ramani ya kisima inachorwa wao wakiwepo.

Mfano wa pili ni jiji la New York. Karibu maji yao yote, kama asilimia 90, yanatoka kwenye mabonde ya Catskill na Delaware, mbali kabisa na jiji, kwenye milima yenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria za Marekani zikaanza kulazimisha maji ya mito na maziwa yachujwe, isipokuwa kama mji unaweza kuthibitisha kwamba chanzo chake kinalindwa. Mtambo wa kuchuja ulikadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 6, bado gharama za kuuendesha kila mwaka.

Jiji likaanza vibaya. Mwaka 1990 likatoa rasimu ya makatazo kwa wakulima wa mabondeni, na wakulima wakasema hivi hivi ulivyosema wewe. Wakagoma. Ikabidi jiji liende kukaa nao jikoni kwao, miezi na miezi. Mwaka 1993 likazaliwa baraza la kilimo la bonde, linaloongozwa na wakulima wenyewe kwa fedha za jiji. Kila shamba linaloingia kwa hiari linapangiwa mpango wake: uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie kijitoni, kidaraja cha kuvukia, hodhi ya samadi ili isitandazwe wakati ardhi imelowa, banda la ndama lililo pakavu mbali na maji. Ndama ndio wenye kutoa kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho klorini haikiui. Jiji linalipa. Mkulima anabaki mkulima. Lengo lilikuwa kupata zaidi ya asilimia 85 ya mashamba ndani ya miaka mitano, na lilifikiwa. Mwaka 1997 jiji, jimbo na vijiji vya mabondeni wakatia saini makubaliano makubwa, na mpaka leo maji yale yanatibiwa kwa klorini na mwanga wa urujuanimno (UV, mwanga usioonekana unaoua vimelea) bila mtambo wa kuchuja.

Kwa hiyo kaka, mita kumi zako nakubali ni mali. Ukiziacha kwa ajili ya watu wa mjini, watu wa mjini wakulipe. Hilo mimi nalitetea hadharani.

#6 Fundi Mitambo

Nitapingana na mleta mada kidogo. Kukaa na wakulima elfu moja mmoja mmoja ni kazi ya miaka ishirini. Mimi nina watu wanaofungua bomba kesho asubuhi. Teknolojia ipo. Nitrati unaitoa kwa resini za kubadilishana ioni, yaani punje zinazoinasa, au kwa kusukuma maji kwa shinikizo kwenye utando mwembamba, viuatilifu unavinasa kwa kaboni, vimelea unavipiga kwa mwanga wa urujuanimno. Au unachanganya maji ya kisima kibaya na kizuri mpaka kipimo kishuke. Tujenge, tupime, maisha yaendelee. Chanzo kilindwe, sawa, lakini msiwadanganye watu kwamba mtambo hauhitajiki.

#7 Mleta mada

Fundi, heshima yako. Mtambo unahitajika na Walkerton ni ushahidi: klorini sahihi na kipimo kinachosoma muda wote vingeokoa wale watu saba. Sijasema tuvunje mitambo.

Lakini nikuulize kama mwenzangu wa kazi. Resini ikishiba nitrati unaisafisha kwa maji ya chumvi. Yale maji ya chumvi yenye nitrati iliyokolea unayapeleka wapi? Nitrati umeihamisha, hujaiua. Utando nao unatupa sehemu ya maji kama taka. Na visima vya kuchanganyia vinaisha: leo kisima kizuri kinakiokoa kibaya, kesho na chenyewe kinapanda.

Tazama Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Wanachota kwenye mito ya Raccoon na Des Moines, na juu yao ni mahindi na soya kwa maelfu ya hekta. Chini ya mashamba yale yamelazwa mabomba ya kutolea maji udongoni, ili shamba lisituame. Yanafanya kazi nzuri kwa mkulima, ila yanachukua nitrati na kuipeleka mtoni moja kwa moja, bila kupita kwenye udongo wala majani ya ukingoni. Mji ukajenga mtambo wa kutoa nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmoja wa mikubwa duniani wa aina yake. Haukutosha. Juni 2025 mito ilijaa nitrati kiasi kwamba mitambo ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu zote na bado haikuweza kutoa maji salama kwa kasi ya matumizi. Kwa mara ya kwanza wakapiga marufuku watu kumwagilia nyasi za majumbani, ili maji yaliyosafishwa yatoshe kunywa. Mji wenye teknolojia yote uliyoitaja, fundi.

Na kabla ya hapo walikwenda mahakamani. Machi 2015 mamlaka yao ya maji iliwashtaki wasimamizi wa mifereji wa kaunti tatu za juu: Sac, Calhoun na Buena Vista. Hoja ilikuwa kwamba bomba linalomwaga maji mtoni ni bomba, liwe la kiwanda au la shamba, lipewe kibali na masharti. Sheria ya maji ya Marekani ya mwaka 1972 inabana mabomba ya viwanda ila maji yanayotoka mashambani imeyaacha nje. Machi 2017 jaji wa shirikisho akaifuta kesi. Alikubali kwamba mamlaka ya maji inaweza kweli kuwa imeumia, ila wale walioshtakiwa hawana uwezo wa kisheria wa kurekebisha, na suala ni la watunga sheria. Nilipoisoma hukumu ile nilikaa kimya muda mrefu. Ndilo lile pengo nililoandika pale juu: aliyeumia anajulikana, maji yanakotoka panajulikana, na hakuna ofisi hata moja yenye mamlaka juu ya kile kipande cha katikati.

Toledo, Ohio, nao niwataje kwa ufupi. Tarehe 2 Agosti 2014 karibu watu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Mwani uliolishwa na fosforasi, nyingi ikiwa ya mashamba ya bonde la mto Maumee, ulikuwa umezunguka mdomo wa bomba la kuchotea ndani ya Ziwa Erie na kutoa sumu inayoharibu ini. Tangazo lilisema wazi: msichemshe, mtaikoleza. Siku mbili na zaidi mji mzima hauna maji ya kunywa, na ziwa wanaliona dirishani.

#8 Fundi Mitambo

Swali la maji ya chumvi sina jibu zuri, nakubali. Sisi tunayahifadhi kwenye bwawa na yanazidi kujaa.

#9 Kifungu cha Sheria

Naomba nichangie upande wa kanuni, maana naona mleta mada anaipenda sana njia ya hiari. Hiari peke yake inawapata wale ambao tayari wana nia. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya nitrati mwaka 1991: kila nchi itambue maeneo yaliyo hatarini, na ndani ya maeneo hayo samadi isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, na kuwe na miezi ambayo kutandaza ni marufuku. Kwenye maji ya kunywa wakaweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila kiuatilifu, na 0.5 kwa jumla yake. Hapo una namba ambayo raia anaweza kuishika na kwenda nayo mahakamani. Bila namba, hayo mazungumzo ya jikoni yatakwenda mpaka watoto wazeeke.

#10 Mleta mada

Mkuu, hapo umenirekebisha na napokea. New York wenyewe walikaa mezani kwa sababu sheria ya kuchuja ilikuwa imesimama nyuma yao na fimbo. Bila ile sheria sidhani kama jiji lingetoa hata senti.

Ila sheria nayo bila mtu wa kuisimamia inabaki kabatini. Ujerumani ilikuwa chini ya sheria hiyo ya 1991 unayoisema, na Juni 2018 Mahakama ya Ulaya ikaitia hatiani kwa kushindwa kuchukua hatua za kutosha dhidi ya nitrati kwenye maji yake. Miaka 27 baada ya kuandikwa! Hispania nayo ikafuata Machi 2024. Nchi tajiri, zenye maofisa na maabara.

Na ndani ya Ujerumani hiyo hiyo upo mji wa Munich. Wao wanachota sehemu kubwa ya maji yao kwenye bonde la Mangfall tangu mwaka 1883. Miaka ya 1980 wakaona nitrati inapanda polepole. Bado ilikuwa mbali na kikomo, hakuna ambaye angewalaumu kwa kukaa kimya. Hawakukaa. Mwaka 1992 shirika la umma la mji likaanza kuwalipa wakulima wa bondeni kwa kila hekta waingie kwenye kilimo hai: hakuna mbolea ya kiwandani, hakuna viuatilifu vya kemikali, idadi ya ng'ombe inalingana na ardhi. Wakawasaidia na soko la mazao, maana mkulima ukimlipa fidia bila soko, fidia ikikatika anarudi alikotoka. Zaidi ya wakulima mia moja wamo. Maji yale yanafika mjini bila mtambo wa nitrati kwa sababu hakuna nitrati ya kutoa. Kipindi nikiwa maabara nilikuwa natamani sana mabosi wetu wausome mfano huu, hasa ile sehemu ya kuchukua hatua wakati grafu bado iko chini. Kwetu grafu ya kisima chetu kimoja ilipanda miaka tisa mfululizo, mimi mwenyewe nikiijaza kila robo mwaka, na jibu lilikuwa lile lile: bado iko ndani ya kiwango.

Denmark walichanganya vyote viwili, hiari na amri. Karibu maji yao yote ya kunywa ni ya ardhini na hawataki kuyatibu kwa mitambo mikubwa. Mwaka 1987 bunge lilipitisha mpango wa kupunguza naitrojeni inayopotea mashambani. Kila mkulima ana hesabu ya mbolea anayoipeleka serikalini kila mwaka, kama hesabu ya kodi, na ana kiwango chake asichoruhusiwa kuzidi. Upotevu ukashuka kwa karibu nusu na mavuno hayakuanguka. Kuzunguka visima vya umma wanachora duara la ulinzi: ndani yake mmiliki anaombwa aache viuatilifu kwa fidia, na akikataa halmashauri ina nguvu ya kuamuru, fidia ikiwa palepale.

Hiyo ndiyo sura ninayoitaka mimi. Duara lijulikane, mkulima ndani ya duara alipwe, nje ya duara hesabu ya mbolea iwepo, na mamlaka ya maji iwe na haki ya kuiona hesabu hiyo. Leo mtu wa maabara anapima viuatilifu kwa kubahatisha kwa sababu haambiwi ni kipi kilinyunyizwa bondeni mwezi uliopita. Kila kiuatilifu kina kipimo chake na fedha zake. Ukipima kumi na cha kumi na moja ndicho kilichonyunyizwa, cheti kitasoma safi.

#11 Jembe Kando ya Mto

Nimerudi. Hiyo ya kulipwa kwa hekta nimeielewa, ingawa sijaona bado wa kunilipa. Niulize la vitendo: kuna jambo naweza kufanya msimu huu ambalo halinipunguzii mavuno?

#12 Mleta mada

Yapo, kaka. Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili au tatu badala ya kuimwaga yote mara moja, na usiweke siku ambayo wingu la mvua kubwa limeshakaa. Kabla ya hapo hesabu samadi uliyoweka, kwa sababu wengi wanaweka samadi halafu wanaweka mbolea ya dukani kana kwamba samadi haikuwepo. Baada ya kuvuna usiache ardhi wazi, otesha kitu chochote cha kufunika kitakachoinywa ile nitrati iliyobaki, kisha ukilaze shambani kabla ya kupanda. Hii yote inakuokolea fedha.

Pampu ya kunyunyizia usiioshee mtoni wala karibu na kisima. Tone dogo la dawa ambayo haijachanganywa likiingia kijitoni linatosha kuvusha kikomo kwenye maji mengi sana.

Ule ukanda wa ukingoni ndio unaokugharimu kweli. Majani marefu yanashika tope na fosforasi vizuri. Anza na pale tu ambapo maji ya mvua yanakatiza kuingia mtoni, unapajua mwenyewe kuliko ofisa yeyote. Hata hatua tano pale zinafanya kazi kuliko hatua ishirini mahali ambapo maji hayapiti.

#13 Jembe Kando ya Mto

Napajua. Ni pale kwenye mfereji wa kona, kila mwaka pananiondolea udongo. Pale nitaacha.

#14 Mama wa Kichanga

Samahanini nimechelewa kuuona uzi. Mimi nina mtoto wa miezi mitatu, ananyonya na anapata maziwa ya kopo. Kisima chetu kiko karibu na shamba la jirani na zizi. Nimekuwa nikichemsha siku zote. Nifanye nini?

#15 Mleta mada

Dada, kuanzia leo maziwa ya kopo usiyakoroge kwa maji ya kisima hicho mpaka yapimwe. Tumia maji ya chanzo kingine kilichopimwa, hata kama ni kwa mtoto peke yake. Kuendelea kunyonyesha ni salama kwake, nitrati haipiti kwa wingi kwenye maziwa ya mama. Chujio la kawaida la nyumbani halitoi nitrati, kwa hiyo usilitegemee kwa hili.

Ukiona midomo au kucha zake zinakuwa na rangi ya bluu au kijivu, au anahema kwa shida, mkimbize hospitali na uwaambie wazi kuwa amekuwa akitumia maji ya kisima kilicho karibu na shamba. Ukiwaambia mapema watajua cha kutafuta, na dawa ipo.

Kuhusu kupima: chukua chupa safi, acha maji yatoke kidogo kwanza, jaza, weka mahali pa baridi, na ufikishe maabara siku hiyo hiyo. Omba nitrati, nitriti na bakteria wa kinyesi. Kwa sababu ya lile zizi, bakteria usiwaache.

#16 Mama wa Kichanga

Nimerudi na majibu. Nitrati 71. Bakteria wamo. Mtoto yuko salama, nimempeleka akaangaliwa. Maji tunachota kwingine. Nimemwonyesha jirani karatasi, amesoma mara mbili, akasema hakujua kabisa, na kwamba hata yeye anakunywa kisima kile kile. Tumekubaliana zizi lisogee upande wa chini kabla ya mvua. Ila sijui nani mwingine anayepaswa kuiona karatasi hii.

#17 Mleta mada

Asante kwa kurudi, dada, na pole. Toa nakala tatu. Moja ofisi ya afya, moja mamlaka ya maji, moja kwa ofisa kilimo wa eneo lenu. Zote ziwe na barua moja, na kwenye kila barua taja kwamba wale wawili wengine wameipata. Weka mihuri ya kupokelewa. Baada ya mvua za kwanza pima tena hata kama zizi limeshahama, halafu njoo hapa utuandikie namba.

Fundi, kama uko karibu na uwezo wa kumpimia bure hiyo ya pili, nitafute pembeni.

#18 Fundi Mitambo

Nipo. Alete.